Nati Iliyozunguka kwa Vidole

Kadii Mwambire hakuwa mtu wa kukimbiza pikipiki. Steji nzima ya bodaboda huko Ganda, karibu na Malindi, ilimjua hivyo, na wenzake walimcheka kwa hilo. Ngumbao, mkongwe wa steji, alikuwa akisema kwamba abiria wa Kadii akipanda asubuhi hufika alasiri. Lakini wanawake walimtaka yeye: wajawazito, wenye watoto mgongoni, kina nyanya wa kupelekwa zahanati. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwana mmoja aitwaye Tevin, na uoga ambao hakuwahi kuuficha. Akiulizwa mbona haendi mbio kama wengine, alijibu kwa ufupi, "Mimi naogopa."

Mwezi wa tano alinunua pikipiki mpya, baada ya miaka saba ya kuendesha nyingine kuukuu iliyovuja mafuta. Ilikuwa nyekundu, na kiti chake bado kilikuwa na nailoni. Pikipiki hizo hufika dukani ndani ya makasha, vipande vipande, na mafundi wa duka ndio wanaoziunga. Siku aliyoichukua ya kwake walikuwa wakiunga sita kwa mpigo, wateja wamejaa mlangoni. Aliyemkabidhi ufunguo alimwambia, "Mama, ukifikisha kilomita mia tano, ilete. Chombo kipya hutetema, nati zikalegea. Lazima zikazwe upya. Usisahau."

Kadii hakusahau. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Kilomita mia tano zilitimia Jumatano, akasema atakwenda kesho yake. Kesho yake watoto walirudi shule, abiria wakawa wengi. Ijumaa kulikuwa na mazishi, akabeba waombolezaji kutwa. Jumamosi alianza kusikia mlio mdogo upande wa mbele, tik, tik, kila alipopita kwenye tuta. Akajiambia ni upya wa chombo.

Jumatatu akapigiwa simu na Rayhana, mwalimu wa shule moja ya msingi huko Marafa. Rayhana ni mzaliwa wa Malindi mjini, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika miezi saba. Alikuwa anarudi kwa mamake kusubiri kujifungua.

"Dada Kadii, nataka wewe na si mwingine," alisema. "Hawa vijana wa huku watanizalisha njiani."

Kesho yake Kadii alitoka alfajiri, akafika Marafa jua limeshapanda. Wakafunga begi dogo kwenye keria ya nyuma, Rayhana akapanda polepole, mkono mmoja tumboni, wa pili begani kwa Kadii. Wakaondoka.

Ukishatoka Marafa kuna mteremko mrefu wa vumbi, na chini yake barabara inakata kona kwenye kalvati isiyo na kingo. Kadii aliujua vizuri. Alipoanza kuteremka alibana breki ya mbele kidogo, kama kawaida yake.

Kikasikika kishindo, kaa!, kama jiwe limepiga chuma. Usukani ukamruka mikononi. Akaiachia breki papo hapo. Sasa mlio wa mbele haukuwa tena tik, ulikuwa chuma kikigongana na chuma, na gurudumu lilicheza kushoto na kulia kama jino linalotaka kung'oka.

"Nini hicho?" Rayhana aliuliza.

Kadii alikanyaga breki ya nyuma. Pedali ikazama mpaka chini bila kushika chochote. Akakanyaga tena. Hakuna.

Aliiona kona kule chini, na kalvati, na mikono ya Rayhana ilikuwa imemkaza kiunoni huku tumbo likimgusa mgongoni. Mguu wake wenyewe ndio uliokumbuka cha kufanya. Akashusha gia hadi ya tatu, injini ikalia. Akashusha hadi ya pili, ikanguruma kwa hasira, na mwendo ukapungua, lakini si wa kutosha.

"Kadii!"

"Nishike, mwalimu! Nishike usiniachie!"

Kando ya barabara, hatua kama thelathini kabla ya kona, kulikuwa na chungu ya kifusi iliyoachwa na watengeneza barabara. Kadii aliielekeza pikipiki huko. Gurudumu la mbele likazama kwenye changarawe, la nyuma likainuka kidogo, likatua, injini ikazima. Hawakuanguka. Vumbi liliwapita na kutangulia chini.

Kisha Rayhana akashuka, akaenda hatua tatu, akaketi chini na gauni lake safi.

"Mulungu wangu," Kadii alisema. "Mwalimu, umeumia? Niambie."

Rayhana alikuwa ameweka viganja vyote viwili tumboni, macho ameyafumba. "Subiri," alisema. "Usinisemeshe. Nasubiri acheze."

Kadii akapiga magoti mbele yake. Walisubiri. Kadii hajui walisubiri muda gani. Anasema ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kumzaa Tevin. Halafu Rayhana akafumbua macho, machozi yakamtiririka. "Alhamdulillahi. Amepiga teke."

Ndipo Kadii akaigeukia pikipiki. Chombo kinachobana diski ya breki ya mbele hushikwa na bolti mbili. Ya chini ilikuwa imeanguka, na chombo kizima kilikuwa kinaning'inia kwa ile ya juu, karibu kabisa na spoki. Nyuma, nati ya mwisho wa fimbo ya breki ilikuwa imejifungua na kupotea. Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa la tatu. Alishika nati kubwa ya ekseli ya mbele, ile inayolizuia gurudumu lisitoke, akijua itahitaji spana. Akaizungusha kwa vidole viwili. Ikazunguka.

Akaondoa mkono kama aliyeungua. Rayhana alikuwa amesimama nyuma yake, ameona.

"Hiyo ndiyo inayoshika gurudumu?"

"Ndiyo."

"Na imekuwa hivyo tangu lini?"

Kadii angeweza kuishia kusema hajui. "Sijui tangu lini," alisema, "lakini tangu Jumatano nilitakiwa niirudishe dukani ikazwe. Niliambiwa. Nikawa nasema kesho."

Rayhana alimtazama. "Na asubuhi hukuniambia."

"Niliogopa utatafuta mwingine."

Mwalimu akarudi akaketi.

Simu hazikuwa na mtandao pale bondeni, na chupa yao ya maji ilikuwa imepasuka. Kadii alitoa spana chache zilizokuja na pikipiki, chini ya kiti. Alikaza ekseli kwa nguvu zake zote. Akafungua bolti moja ya keria, akaipima kwenye breki ya mbele, ikaingia. Nati ndogo akaichomoa kwenye kibao cha namba, akaifunga kwenye fimbo ya breki ya nyuma. Kibao akakitia kwenye begi. Kisha akaisukuma pikipiki huku na huku, akibana breki hii na ile, mara kumi, ishirini, akisikiliza.

"Imeshika, mwalimu."

"Sipandi."

"Sikulaumu."

Wakatembea, Kadii akisukuma, Rayhana akifuata kando ya njia. Waliivuka kona na kalvati kwa miguu. Lakini jua lilikuwa kali, na baada ya nusu saa Rayhana alisimama, akashika mti mdogo, midomo imemkauka.

"Kizunguzungu," alisema.

Hapo Kadii aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye mteremko. Kule hakupata nafasi ya kufikiri, na hapa alikuwa nayo tele. Kumpandisha alihofia, kumwacha juani alihofia.

Rayhana ndiye aliyeamua. "Twende polepole kabisa. Kila baada ya kilomita moja unasimama, unashuka, unazishika zote tatu mbele ya macho yangu. Ukikataa nabaki hapa."

Wakaenda hivyo, gia ya pili. Kila kilomita Kadii alisimama, akashika ekseli, breki ya mbele, breki ya nyuma, akizitaja kwa sauti, na Rayhana akiitikia kila moja kwa bismillahi. Kijiji cha kwanza walipata maji. Mwenye duka aliwashauri wasubiri gari, lakini gari la kwenda mjini lilikuwa limeshapita, wakaendelea. Walitumia saa tatu na ushei kwa safari ya saa moja.

Karibu na daraja la Sabaki, ukikaribia Malindi mjini, kuna fundi aitwaye Azim. Rayhana alipelekwa kivulini, akapigiwa teksi. Azim aliizunguka pikipiki na spana zake, kisha akahesabu: nati kumi na moja zilizolegea, mbili kati yake zikishika usukani, moja ikishika injini.

"Mama Tevin," alisema, "nani amekuunganishia hii?"

"Aliyeunganisha aliniambia niirudishe."

Azim alizikaza zote, kisha akachora mstari wa rangi nyeupe juu ya kila nati, ukivuka mpaka kwenye chuma kinachoishikilia. "Mistari ikipishana, ujue imezunguka. Huhitaji spana kujua. Tazama tu."

Kadii alikaa siku nne bila kuendesha. Usiku alikuwa akiiota ile nati vidoleni. Siku ya tano aliitoa pikipiki kwa sababu Tevin alihitaji kula, akafika steji akiwa amelowa jasho. Tangu hapo kila asubuhi huchuchumaa na kutazama mistari yote, mmoja mmoja, abiria akisubiri. Ngumbao alimcheka siku mbili tatu, kisha akazoea.

Rayhana alijifungua mtoto wa kike mwezi wa saba, salama. Hospitali alipelekwa kwa gari. Kadii alipokwenda kumpongeza, mama wa Rayhana aliitikia shikamoo yake kwa ubaridi, akaingia jikoni, hakutoka tena. Rayhana alimpakatisha Kadii mtoto, akamuuliza habari za Ganda, akamkaribisha chai. Kuhusu siku ile hawakuzungumza.

Marafa hajarudi. Wateja wa huko wakimpigia simu huwatafutia mwingine pale steji, na kabla huyo hajaondoka, Kadii huinama mwenyewe kwenye gurudumu la mbele la pikipiki ya mwenzake, akaijaribu nati kwa vidole.