Sala Alizoahidi Winga wa Kariakoo

Saa tano asubuhi. Simu inalia ndani ya mfuko wa shati la Shomari, lakini si simu ya Shomari. Mwenye simu, Severa Chilumba, amekaa nyuma yake kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ameshika kalamu nene ya wino mweusi. Anaandika juu ya kiroba cheupe kilichokwisha kushonwa mdomo: UWESU, TUNDURU. Anaandika herufi moja moja, bila haraka, na midomo yake inacheza.

Simu inakatika, kisha inaanza upya. Shomari anaipokea.

"Dada Severa yuko kwenye sala, bosi. Dakika tano tu. Mapazia yapo, hayajaisha." Anairudisha mfukoni. "Huyo wa nne," anasema bila kugeuka.

Severa haitiki mpaka amalize kuandika namba ya simu chini ya jina. Halafu anakisukuma kiroba pembeni, anajinyoosha mgongo na kuguna. Ana miaka arobaini na moja, na leo amepanda ghorofa za watu tangu saa moja na nusu.

Severa ni winga. Winga, kwa asiyefika sana Kariakoo, ni mtu asiye na duka lakini anayeuza bidhaa za maduka yote. Anapiga picha shuka za huyu na vyombo vya yule, anazitupia mtandaoni, anatafuta mteja Songea au Newala, ananunua kwa niaba yake, anafunga mzigo na kuupeleka kwenye mabasi ya kusini kule Mbagala. Siku nzuri anabaki na shilingi elfu thelathini. Siku mbaya hubaki na elfu nane, na nauli ya kurudi Magomeni imo humo humo. Ana watoto wawili sekondari na chumba cha shilingi elfu sitini kwa mwezi.

"Watu wanadhani tunachezea simu," anasema. "Mimi nikiizima simu kwa saa mbili tu, kuna mtu ameshanichukulia mteja. Hii ndiyo jembe langu."

Jembe hilo hilo ndilo lililomwaibisha.

Severa alizaliwa Ndanda, mkoani Mtwara, kwa mama aliyesali rozari huku akibangua korosho. "Vidole vinabangua, mdomo unasali, na ukimkatiza anakuangalia mpaka unaondoka mwenyewe," anakumbuka. Alikuja Dar es Salaam mwaka 2003, miaka ambayo bidhaa za nje zilikuwa zimejaa Kariakoo mpaka barabarani na kila aliyekosa ajira aliambiwa akauze chochote. Aliuza soksi kwa miguu Mtaa wa Kongo, akauza vibanio vya nywele, akakimbizwa na mgambo mara ambazo hakumbuki tena. Alipopata simu ya kisasa mwaka 2016 aliona amepumzika.

Alianza kwa nia njema kabisa. Kila alfajiri, kabla ya kuondoka nyumbani, aliweka sala fupi kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Tumsifu Yesu Kristu, mstari wa Biblia, picha ya maua, maneno mawili matatu ya kumtia mtu moyo. Baada ya hapo zikafuata shuka za pamba, sita kwa sita, rangi zote zipo.

Haukupita muda akagundua jambo ambalo hata leo analisimulia akiwa ameinamisha macho.

"Nikianza na sala, wanaoangalia wanafika mia tatu. Nikianza na mapazia, mia na ishirini. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Akazidisha sala. Akawa anaamka saa kumi na nusu si kwa ajili ya kupiga magoti, bali kuchagua picha. Akiiweka, anajilaza tena na simu kifuani, akifungua kila baada ya dakika moja kuona nani ameshatazama. Rozari ya mama yake ikabaki imening'inia kwenye msumari pale ukutani, juu ya chaja.

Wateja nao wakamwamini. Wakaanza kumtumia shida zao: mume amepotea, mtoto ana mtihani, presha imepanda. Kila mmoja alijibiwa vile vile: Amina mpendwa, nakuweka mbele za Bwana, Mungu ni mwema. Aliituma sentensi hiyo mara nyingi mno hata simu ikaizoea. Akigusa herufi A tu, sentensi nzima inajileta yenyewe, yeye anamalizia kwa kidole kimoja.

Mteja mmoja aliitwa Euphrasia, fundi cherehani wa Masasi. Walifanya biashara miaka minne bila kuonana uso kwa uso. Walijuana kwa sauti na kwa picha ndogo ya kwenye simu, wakaitana dada. Mwezi Mei mwaka jana Euphrasia aliandika kwamba mama yake amelazwa, akaomba sala. Severa akagusa A. Wiki zilizofuata akaomba tena na tena. Severa akagusa A.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi Juni. Mzigo wa taulo ulikuwa umefunguliwa dukani, mawinga kama ishirini wamebanana mlangoni, kila mmoja anataka kupiga picha kwanza. Severa alikuwa na simu mkono mmoja na taulo tatu mkono wa pili. Ujumbe ukaingia. Hakuusoma. Aliona jina la Euphrasia, akaona neno mama, na kidole kikafanya kilichozoea kufanya.

Ujumbe ulisema: Dada Severa, mama ametutoka alfajiri hii.

Jibu lilisema: Amina mpendwa, nakuweka mbele za Bwana, Mungu ni mwema.

Dakika chache baadaye, Euphrasia na wateja wengine wote wakatumiwa picha za taulo.

Severa aliligundua jioni, akiwa amekaa kitandani Magomeni anavua viatu. Chini ya jibu lake kulikuwa na neno moja tu kutoka Masasi: Asante. Alipiga simu haikupokelewa. Akapiga tena. Alipoandika pole, ile picha ndogo ya Euphrasia ilikuwa imeshatoweka, na ujumbe haukufika. Alikuwa amefungiwa.

"Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula," anasema. "Nikarudi nyuma kusoma tulichoandikiana. Nimemwahidi sala mara saba. Saba. Sikumbuki kama nilisali hata moja."

Alilipeleka suala hilo kwenye jumuiya yake ya kanisani, siku walipokutana kusali nyumbani kwa Mzee Leodegar, mwenyekiti. Alitarajia kufarijiwa. Mzee Leodegar ni mstaafu wa bandari, si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Nilimuuliza, na hao wengine je?" anaeleza mzee huyo. "Akaanza kunieleza habari za mizigo. Nikajua hakuna aliyeombewa. Sikumgombeza. Hata mimi huwa naandika amina kwenye kundi la jumuiya wakati naangalia mpira."

Severa aliondoka pale akaizima simu. Aliizima wiki nzima, akapiga magoti asubuhi na jioni, na anakiri kwamba nusu ya muda huo alikuwa akiwaza nani ananunua nini kwa nani. Siku ya nne alirudi nyumbani na shilingi elfu tatu. Siku ya saba mtoto wake wa kidato cha tatu alimuuliza kama watahama. Akaiwasha. Wateja kumi na mmoja walikuwa wameshahamia kwa mawinga wengine.

"Ningekuwa mtawa ningeiacha," anasema. "Mimi nina watoto. Siwezi kuiacha na siwezi kuendelea vile. Nilichoka, nikakaa hivyo hivyo nimechoka."

Msaada ulitokea mahali ambapo hakuutafuta. Duka anakochukua mashuka na mapazia liko Mchafukoge, na mwenye duka ni Mama Vidya, Mhindu wa miaka sitini na kitu. Kila asubuhi Mama Vidya huwasha ubani mbele ya picha ndogo kwenye kona ya duka, na mpaka kijiti kiishe hakuna wa kugusa robota wala kupiga picha. Ni robo saa. Kwa miaka mingi Severa alisimama mlangoni akihesabu hiyo robo saa kama hasara yake binafsi.

"Shikamoo mama, bado tu?" ndivyo alivyokuwa akimuuliza.

"Marahaba. Bado," anajibu Mama Vidya, mpaka leo. Kuhusu ibada yake hana maneno mengi. "Nikiacha mtu mmoja apige picha, kesho wako kumi. Basi nimefunga. Simu yangu iko kwenye droo. Ubani ukiisha naifungua, namwangalia kwa video dada yangu wa Mwanza anapika, nacheka. Mimi siyo mtakatifu, Severa ananisingizia."

Severa aliirudia hiyo robo saa kichwani siku kadhaa. Hakuwa na duka la kufunga wala droo. Alichokuwa nacho ni mizigo, na kila mzigo lazima uandikwe jina kwa mkono kabla ya kwenda Mbagala. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo simu haiwezi kumfanyia.

Akaanzia hapo. Akishika kalamu, simu inakwenda kwa Shomari, winga mwenzake wa ngazi hizo hizo. Anaandika jina, na kwa muda wa kuliandika anamwombea mwenye jina. Kama aliwahi kuomba sala, anaombewa alichoomba. Kama hakuomba kitu, anapata Salamu Maria moja na safari njema ya mzigo. Waislamu wamo pia, na Shomari hana kinyongo.

"Mimi nikienda kuswali adhuhuri, simu yangu anabaki nayo yeye," anasema Shomari, mwenye miaka ishirini na tisa. "Juzi narudi nakuta ameniuzia seti mbili za masufuria. Mimi nikimshikia ya kwake, wateja wananitukana. Sijui tumepatanaje hapo."

Mawinga wengine wanamwita Mama Salamu. Wengine wanasema anapoteza muda, na hawajakosea sana. Mizigo kumi na miwili inamla karibu saa nzima, na wapo wateja ambao hawasubiri hata hizo dakika tano. Mapato yake hayajarudi yalipokuwa. Bado anaweka stetasi asubuhi, mapazia matupu, wanaoangalia mia na thelathini. Jumapili iliyopita kanisani alijikuta ameichungulia simu wakati wa mahubiri, akaitia chini ya kiti kwa hasira.

"Usiandike kwamba nimepona," anamwambia mwandishi. "Andika kwamba najitahidi na miguu inauma."

Kinachomtesa si wateja walioondoka. Ni Euphrasia, ambaye hajamfungulia tangu siku ile, huu ni mwezi wa kumi na moja. Habari zake anazipata kwa Zamzam, mwenye kibanda karibu na stendi ya Masasi, ambaye humpokelea mizigo. Kwa Zamzam ndiko alikosikia kwamba misa ya mwaka mmoja ya marehemu itasomwa Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani. Akamtuma aulize kama anaweza kufika.

Jibu la Euphrasia lilirudi siku hiyo hiyo: "Barabara siyo ya kwangu. Aje."

Severa amelisikiliza jibu hilo kwenye ujumbe wa sauti wa Zamzam mara nyingi, akitafuta ndani yake kama kuna msamaha. Hajaupata, na hajaukosa. Amekata tiketi ya Alhamisi. Simu ataiacha Kariakoo kwa Shomari, siku nne, kwa makubaliano kwamba faida watagawana.

Kwenye ngazi, saa sita inakaribia. Viroba vyote vimeandikwa na mkokoteni unasubiri chini. Kimebaki kifurushi kimoja kidogo, kimefungwa kwa karatasi safi na kamba. Ndani yake mna kitambaa cheupe cha meza, kile kinachotandikwa nyumbani misa inaposomwa. Mama Vidya ndiye aliyekikata, akapindisha kingo mwenyewe na kukataa cha juu, yaani faida yoyote.

Shomari anakichukua, anakigeuza huku na huku.

"Mzigo huu hujauandika. Wa nani?"

"Wa mama yake Euphrasia."

"Lete kalamu basi nikusaidie. Anaitwa nani?"

Severa anamnyang'anya kifurushi taratibu, anakiweka mapajani.

"Sijui," anasema. "Mara saba nimeahidi kumwombea, sikuwahi kuuliza jina."

Zamzam angeweza kulijua kwa kuuliza nyumba ya jirani, na alijitolea kufanya hivyo. Severa alimkataza. Anataka aambiwe na mwenye mama, ana kwa ana, kisha aliandike pale pale mbele yake. Ndiyo sababu kalamu atasafiri nayo.

"Na asipokuambia?" anauliza Shomari.

"Nitasali bila jina," anasema Severa, akinyoosha mkono kudai simu yake, ambayo imeanza kulia tena. "Ila safari hii nitasali."