Mapigo ya Moyo Yasiyo ya Mama

Mama alipoanza kusumbuliwa na moyo, mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, Nyololo. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwalimu Mbeya mjini. Kwa miaka mitatu nilimwogesha mama, nikampikia, nikampa dawa zake kila asubuhi.

Kisha mdogo wangu akaja na saa ya mkononi. Ilihesabu mapigo ya moyo mchana na usiku, ikayapeleka kwenye simu tuliyoiweka kabatini, na yeye huko Mbeya akayaona kwenye simu yake. Daktari wa mama alikubali kuyatumia.

Tangu hapo, jirani akija, hata hajamaliza salamu yake ya "kamwene," mama ameshanyoosha mkono.

"Mwanangu wa Mbeya ananiangalia hapa. Hata nikigeuka kitandani anajua."

Mimi niliyemfunika kila akigeuka kitandani nilikuwa nimesimama palepale na sufuria ya uji.

Asubuhi moja nilimvua saa ile nimwogeshe. Nilipomaliza sikumrudishia, nilimwambia inachaji. Nikaivaa mwenyewe, nikaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Niliporudi ndani, simu yangu ikaita.

"Dada, mama ana nini? Mapigo yanakwenda mbio mno!"

"Amekaa tu, anaota jua," nikamjibu. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilitoka kirahisi.

"Amekaa tu? Mungu wangu! Nampigia daktari."

Ningeweza kusema hapo. Sikusema. Kesho yake nikamfunga mama kanga mbili kwa ajili ya baridi, tukapanda basi la Mbeya. Njia nzima alikuwa akijishika kifua, akiniuliza kama anakufa.

Mdogo wangu alitupokea, tukaingia wote watatu kwa daktari, naye akatugeuzia kompyuta yake. "Mama, jana saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Naota jua, baba."

"Moyo kwenda hivi mtu akiwa amekaa si jambo dogo. Nitakuongezea dawa." Akachukua kalamu.

"Siyo yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa napasua kuni."

"Uliniambia inachaji," mama akasema.

Daktari aliiweka kalamu chini. "Ningempa mama yako dawa kwa ajili ya moyo wako," alisema taratibu. "Ingeweza kumwangusha."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini hakutufukuza. Akaonyesha milima mingine midogo kwenye mchoro wa mapigo pale kwenye kompyuta. "Na hii ya alfajiri?"

Mdogo wangu hakujua. Mimi nilijua. "Hizo ni siku za misa. Anapanda kilima bila kupumzika, na hataki nimshike mkono."

Daktari akaandika. Dawa hakuiongeza. Akaniomba kila siku niandike mama amefanya nini na saa ngapi, nimtumie yeye mwenyewe.

Tulipotoka nje, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, kwa nini?"

"Wivu," nikasema. "Unasifiwa kwa kumwangalia ukiwa mbali. Mimi niliye karibu hakuna anayeniona."

Akajifuta macho. "Mimi naona namba tu. Zikipanda, siwezi hata kumpa maji."

Tulirudi naye Nyololo, akakaa siku mbili. Nilimwachia amwogeshe mama. Nilikaa barazani nikachambua maharage, nikiwasikia wakicheka kule bafuni, na wivu ukanishika upya.