Ndege wa Miguu Mitatu wa Habuba

Juzi jirani walikuwa wanakoroga hina, na ile harufu ya hina na ndimu ilipoingia hapa kwangu Gatwekera, nikaweka kisu cha sukuma wiki chini. Nikasema, leo hii naandika, shule niwe nayo au nisiwe nayo.

Nianze na waliokuwepo, usije ukapotea. Kulikuwa na Habuba Halima, mwenye ploti yetu pale Kambi Muru, hapa hapa Kibera. Habuba ndivyo Wanubi wa nyumba ile walivyomwita nyanya, na sisi wapangaji tukamwita hivyo hivyo. Macho yake yalikuwa yameshafunga, haoni. Kulikuwa na Zuhura, mjukuu wake, bibi harusi. Kulikuwa na mama yangu Ndunge, mtu wa Machakos, mpangaji, na mimi Mwende, mtoto wake, wakati huo mdogo mwenye pengo la meno mbele. Na kule Kawangware alikuwepo Mjomba Mutisya, kaka yake mama, fundi wa vyuma. Mbuzi wa harusi aliitwa Bakari, lakini huyo hakuishi kuona mengi.

Sasa kitu chenyewe ni sarafu. Sio hizi za dukani! Ilikuwa ya fedha, nene, ya zamani za kale, nyeusi pembeni. Babu yake Habuba, aliyekuwa askari, aliichimbua mchangani huko Sudan akaja nayo mpaka Kibera. Upande mmoja kulikuwa na mfalme asiyejulikana na mtu, na maandishi ambayo hata maalimu wa madrasa aliyageuza juu chini, akairudisha sarafu vile vile. Upande wa pili alisimama ndege mkubwa, mabawa wazi. Na huyo ndege, haki ya Mungu, alikuwa na miguu mitatu! Sijui yule aliyemchonga aliitwa kula, akarudi akasahau kwamba miguu ameshamaliza. Kila bibi harusi wa nyumba ile alivaa sarafu hiyo kwenye paji la uso, ikining'inia kwenye kilemba cha harusi.

Dada zake bwana harusi walipokuja kuangalia mavazi, wakaiona.

"Wee Zuhura, kuku wenu huyu alizaliwa hospitali gani?" mmoja akauliza.

"Mguu mmoja tutie kwenye supu," mwenzake akasema, "bado atatembea!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura naye alicheka, lakini mimi niliyekuwa nimekaa chini niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja.

Asubuhi ya siku ya hina Zuhura akanivuta nyuma ya jiko. Kile kipete cha kuning'iniza sarafu kilikuwa kimekatika. "Mpelekee mjomba wako akiunge," akaniambia. "Na mwambie ule mguu wa tatu aukwangue, ndege awe kama ndege wengine. Habuba asijue." Akanitia mandazi mawili mkononi. Kwa mandazi mawili mimi ningefika hata Machakos.

Mjomba wangu huyo alikuwa mtu wa namna yake. Kitu kikipinda, yeye hapati usingizi. Milango ya majirani aliinyoosha bila kuitwa. Akija kwetu kunywa chai, mama alificha sufuria zote zenye kovu, maana ataondoka nazo akazigonge. Alipoiona sarafu na kusikia maneno ya Zuhura akacheka sana, akachukua tupa, kile chuma cha kukwangulia, akaipuliza vumbi. "Hii kazi ndogo tu. Pitia mchana."

Nikarudi. Nikamkuta Zuhura ameshapakwa hina viganjani, amekaa nyuma ya pazia mikono juu kama anayeshikwa na polisi. Habuba alikuwa upande wa huku wa pazia, akaniita nimtolee mbegu za ndimu. Halafu akaanza kuongea, na siku hiyo sauti yake ilikuwa kubwa, utadhani nilikuwa ng'ambo ya reli.

"Mwende mwanangu, unajua mimi nilijifunza wapi kuhesabu? Kwenye yule ndege wetu. Mama alikuwa anashika kidole changu hiki, anakipitisha kwenye miguu. Moja. Mbili. Tatu. Akafa hata hatujafika nne. Sura yake sikuishika, nilikuwa mdogo. Lakini kidole kikigusa ule mguu wa tatu, sauti yake naisikia hapa." Akashika sikio.

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka.

"Naona maji yamekwisha," Habuba akasema. "Zuhura, nenda na Mwende mkachote. Mkikuta foleni, msikimbilie kurudi."

Bibi harusi, siku ya hina, akachote maji? Nikatazama pipa. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni! Nikasema moyoni, maskini, uzee.

Basi tulikimbia! Zuhura amejifunika kanga kichwani, mikono miwili ya hina angani, mimi nyuma yake. Pale Ngong Road kandambili yangu ikakatika, nikaiacha hapo hapo, sijaiona mpaka leo. Wairimu, muuza nduma za kuchemsha, akapiga kelele: "Bibi harusi ametoroka! Na huyu mdogo ndiye mshenga?" Watu wakacheka, sisi tunapasua tu. Moyo ulikuwa unanigonga mpaka kwenye lile pengo.

Tulipokaribia kwa mjomba tukasikia tupa. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mjomba, wacha!" Zuhura akalia kwa sauti.

Kumbe mjomba alikuwa anakwangua bawaba ya mlango. Sarafu ilikuwa juu ya kitambaa, kipete kimeungwa, ndege mzima. Na mjomba alikuwa amekasirika.

"Wee Mwende, uliniletea kazi gani? Tangu asubuhi namkodolea macho huyu ndege. Nitoe mguu upi? Nikifunika wa kushoto, anaanguka. Nikifunika wa kulia, anaanguka. Nikifunika wa katikati, ndio kabisa! Hakuna pa kurekebisha hapa. Huyu amesimama!"

Zuhura akacheka na kulia pamoja. Kwa sababu ya hina hakuweza kujipangusa, nikampangusa mimi kwa pindo la gauni langu.

Kesho yake Habuba alipitisha kidole kwenye paji la bibi harusi, polepole, midomo ikihesabu. Alipofika tatu akashika sikio, akatabasamu. Yule wifi akaanza tena mambo ya kuku. Zuhura akamgeukia: "Kwani wenu ana mingapi? Miwili tu? Poleni."

Miaka mingi nilijisifu kwamba miguu yangu ndiyo iliyookoa miguu ya yule ndege. Mpaka nilipokuwa nyanya mimi mwenyewe, nikajikuta siku moja namsimulia mjukuu mmoja kitu kwa sauti kubwa, kumbe nataka mwenzake aliyejifungia ndani asikie. Hapo ndipo nilipoliona tena lile pipa. Kumbe Habuba vile vicheko vya mguu wa tatu alivisikia, na asubuhi ile alishapapasa kilemba cha harusi, akakuta mahali pa sarafu patupu. Hakumgombeza Zuhura siku ya furaha yake. Alimpa hadithi, akampa na njia ya kutokea.

Kama uko wa nyumba ile na unasoma hapa, labda nimechanganya: pengine muuza nduma hakuwa Wairimu, pengine mbuzi hakuitwa Bakari. Njoo uniambie, nitakupikia chai tupange vizuri. Lakini miguu ilikuwa mitatu. Hapo usininyooshe.