Vyungu Vilivyokataa Kuvuja

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimeshika msumari, na mbele yangu vipo vyungu vitatu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufinyanga. Cheka tu. Hata mimi nikikumbuka hucheka peke yangu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha Ujamaa, huku upande wa Choma, na mimi nilikuwa bado bibi harusi, tena mjamzito. Kisima chetu kilikuwa karibu, maji yake meupe pe. Akaja Bwana Maji, akayapima, akasema yanapita kwenye mashimo ya zamani ya wachimba madini na yamebeba risasi, madini yasiyo na ladha wala harufu, yanayodumaza watoto taratibu. Kisima kifungwe. Kina mama tulilia, maana maji mengine yalikuwa mbali, unatoka alfajiri unarudi jua la utosi.

Yule bwana alikuwa kijana msikivu. Akasema ipo njia ya kujaribu. Tufinyange vyungu vya udongo uliochanganywa na pumba za mpunga; motoni pumba zitaungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndani tutie mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliosagwa, na mifupa kwetu haikuwa shida. Maji yakipenya polepole, risasi itanasa humo. Angerudi baada ya wiki kuyapima yaliyochujwa, na hapo ndipo kisima kingepona au kufungwa.

Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa nimetoka kwa wafinyanzi na nilikuwa nimejigamba mno. Nikafinyanga, nikachoma, vikatoka vyekundu vya kupendeza. Kisha nikafanya alichonifunza mama tangu utotoni: chungu kipya hupikiwa uji mzito wa mtama ili kisivuje. Nikavipikia vyote vitatu. Mfinyanzi gani wa heshima atatoa chungu kinachovuja?

Asubuhi ya siku moja kabla Bwana Maji hajarudi, nikamimina maji nijaribu. Yakatulia humo. Hata tone! Nikajua nimeviziba vile vitundu kwa mkono wangu mwenyewe. Aibu ilinishika, mwanangu, nikatamani ardhi inimeze. Ndipo nikauchukua msumari, nivitoboe chini kidogo tu, maji yapite, nani atajua?

Mama mkwe akatokea nyuma yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema, mkono mgongoni.

"Marahaba. Unaficha nini, mke wa mwanangu?"

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaninyang'anya msumari, na sauti ikabadilika.

"Ukitoboa, maji yatapita mbio na sumu yake. Kesho watasema njia hii ni uongo, kisima kitafungwa, kumbe ni msumari wako. Na huyo tumboni atakunywa nini?"

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Uji si chakula? Chakula hukijui kinavyoungua? Virudishe motoni. Ila kwanza ukawaambie wenzako."

Kuwaambia ndiko kulikokuwa kugumu. Nikasimama mbele ya kina mama nikasema nimekosea. Walinicheka, wakanibandika jina la Mama Uji, halafu kila mmoja akaenda kuleta kuni. Tukavichoma upya, tukaviacha vipoe. Jioni tukavitia mkaa na maji, tukainama wote kutazama. Tone la kwanza lilipoanguka, vigelegele vilisikika hadi malishoni. Wapi umeona watu wakishangilia chungu kinachovuja?

Kesho yake Bwana Maji akaja, akachukua maji yetu kwenda kuyapima mjini, nasi tukakaa roho juu. Barua ikaja: yanafaa kunywewa. Kisima hakikufungwa, na mwanangu wa kwanza alikua kwa maji yale, akawa mkorofi wa kupindukia.

Basi nisikilize. Kabla hujatia ufundi wako kwenye kitu, uliza kwanza ni cha kazi gani. Mimi sikuuliza, niliona chungu ni chungu. Na ukikosea jambo ambalo wengine watalinywa, liseme mapema. Kunicheka walinicheka siku moja tu. Maji mabaya wangeyanywa miaka.

Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi mwepesi wa kusema nimekosea. Akupe na watu watakaokucheka huku wamekubebea kuni.