Sanda ya Mkulima wa Pamba

Baba yangu alilima pamba karibu na Tinde, na alipozidiwa alituachia ombi moja tu: asizikwe kwenye ngozi ya ng'ombe kama walivyozikwa wazee wake. "Nimelima pamba tangu ujana," alimwambia mama. "Nivisheni pamba."

Alifariki alfajiri, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Nyumba ilijaa pamba iliyosubiri lori la ushirika, tukalazimika kusogeza magunia ili waombolezaji wapate pa kukaa.

Nilitumwa mimi kutafuta sanda, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na iliaminika mwalimu hazungushwi. Kibali cha kununulia kitambaa nilikipata upesi, na mhuri wake. Kitambaa ndicho hakikuwepo. Mwenye duka alinirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili. "Pole sana, mwalimu. Labda wiki ijayo." Nikamuuliza kwa ukali kama nimwambie marehemu asubiri. Hadi leo najuta, maana yule bwana hakuwa na kosa.

Darasani nilikuwa nikifundisha kwa nini nchi nyingine zimetajirika na nyingine zimebaki maskini. Majibu nilikuwa nayo: ukoloni, viwanda, meli, bei wanazopanga wao. Wanafunzi waliyanakili, nami nikayasahihisha kwa wino mwekundu. Mbele ya rafu zile tupu niliyaona yote ni ya kweli, na hakuna hata moja lililoweza kumfunika baba.

Niliporudi, baba mkubwa alikuwa ameshaagiza dume achinjwe. "Jua linakwenda," alisema. "Ngozi ipo." Mama alinigeuzia macho. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Ndipo akaingia bibi mmoja Mwislamu, muuza maandazi wa pale barabarani, aliyenisikia nikifoka dukani. Kwapani alikuwa na kifurushi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni sanda yangu, niliiweka zamani nguo zikiwa bado zipo. Mfunikeni baba yenu."

"Na wewe je, mayu?" mama aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi si natembea bado?"

Ilinukia udi. Pembeni ilikuwa na maandishi ya kiwanda cha nchi ya ng'ambo, nchi ya baridi ambako pamba haioti hata mche mmoja. Mama aliniomba nimsomee, nikamsomea. Alitikisa kichwa, akaanza kuikunjua.

Baba alizikwa alasiri ile kama alivyotaka. Mvua zilipoanza tulipanda pamba tena, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kuuza. Kabla haijachanua, yule bibi naye akafariki. Nilizunguka na kibali kingine tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikabembeleza kila duka, nikakosa. Alizikwa kwa mashuka mawili ya maua niliyoyatandua kitandani kwangu, na nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba.