Majibu Mawili kwa Swali Moja

Shule ya mjukuu wangu wa kike iko Ruiru, na muhula uliopita ilikuwa inatafuta wanafunzi wawili wa kuiwakilisha kwenye mashindano ya hesabu. Nafasi moja ilikuwa imeshachukuliwa na msichana ambaye hata walimu humwogopa. Ya pili ingeamuliwa na mtihani. Mjukuu wangu aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka simu, na hilo si jambo dogo.

Mama yake, binti yangu anayeishi Gatongora, alitaka kumtafutia mwalimu wa tuisheni. Nikakasirika. Mwalimu wa nini na mimi niko? Nilimaliza kidato cha nne enzi ambazo mtu wa kidato cha nne aliamua hata ng'ombe ana ugonjwa gani. Tangu hapo sijawahi kukubali kwamba kuna kitu sikijui. Ndiyo maana nyumba yangu ya Ngoingwa ina ngazi ya zege inayopanda hadi kwenye mabati na kuishia hapo. Fundi alisema msingi ule hauwezi kubeba ghorofa. Nikamwambia aendelee.

Basi likizo ilipofika, mjukuu akaletwa kwangu mimi guka wake, yaani babu yake, nami nikaketi mezani kama profesa. Tulikuwa na zile hesabu za kipeuo cha pili, ambazo x imejificha chini ya ile alama yenye mkia. Njia nilikuwa bado naikumbuka. Unazidisha kila upande kwa wenyewe, alama inaondoka, x inatoka mafichoni, na mwishowe unapata majibu mawili. Alifanya yote hayo vizuri. Kisha akaanza kuandika tena chini yake.

"Sasa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nahakikisha, guka. Mwalimu anasema turudishe kila jibu mahali pa x, tuone kama linakubali."

"Hiyo ni ya watu wasiojiamini. Fundi akimaliza ukuta, huubomoa aone kama ni ukuta?"

Akacheka. "Lakini guka, wakati mwingine moja linakataa."

"Likatae vipi na umelipata kwa njia halali? Umeulizwa swali moja, umetoa majibu mawili. Hiyo ni faida! Futa hayo, weka kalamu chini."

Akafuta. Nikamwagiza aniletee chai.

Mtihani ukafanywa, na nafasi ikaenda kwa mwingine aliyemshinda kidogo sana. Siku ya wazazi ilipofika, mama yake alikuwa kazini, nikajitolea kwenda. Nilivaa koti la harusi na mazishi. Tulisikiliza maombi marefu, halafu hotuba ya mwenyekiti wa bodi aliyetusihi tupende elimu, kisha akaondoka kabla ya kuona mwanafunzi hata mmoja. Ndipo tukaingia madarasani, kila mzazi aketi na mwanawe na mwalimu waangalie karatasi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mama kijana, mpole. Nikamwekea kidole kwenye swali lenyewe:

√(x + 3) = x − 3

"Mtoto amesema 6 au 1. Wewe umemkata alama. Kwa nini?"

"Kwa sababu 1 haifai, mzee. Hebu tuiweke." Akaenda ubaoni. "Moja na tatu ni nne. Kipeuo cha nne ni mbili. Upande huu, moja toa tatu ni minus mbili. Mbili na minus mbili ni sawa?"

Hapo ningenyamaza. Nikasimama.

"Minus mbili mara minus mbili ni ngapi?"

"Nne."

"Si ndiyo hiyo!" Nikawageukia wazazi wengine kama mtu anayeomba kura. Mmoja akapiga makofi.

"Ni kweli, mzee," mwalimu akasema. "Lakini alama hii inataka kile kipeuo chanya peke yake. Tukizidisha kila upande kwa wenyewe, ile minus inafutika, na jibu la uongo linapata nafasi ya kuingia pamoja na la kweli. Ndiyo maana tunayakagua yote mlangoni."

"Mzee, keti basi!" mama mmoja wa mtaa wa Landless akaita kutoka nyuma. "Wengine tumeachia jirani biashara!"

Mwalimu akairudia karatasi. "Kinachonishangaza ni hiki. Msichana alikuwa amehakikisha. Tazama, aliandika kabisa kwamba 1 inakataa. Halafu akapiga mistari juu yake." Akamgeukia. "Nani alikwambia ufute?"

"Nilidhani napoteza wakati," mjukuu wangu akasema akiangalia viatu vyake.

Angenitazama, ningejitetea. Hakunitazama.

"Ni mimi niliyemfundisha afute," nikasema.

"Basi mzee arudie kidato cha tatu!" yule mama akasema, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema alama haziwezi kurudi, kwa sababu yule aliyepata nafasi hakufuta.

Tulitoka nje ya geti. Nilitaka kumnunulia soda. Akakataa.

"Guka, ulikuwa unajua kwamba jibu linaweza kukataa?"

"Sikujua."

"Ungesema tu hujui."

Alisema hivyo taratibu, bila hasira, na tangu siku hiyo sijapata neno lililoniuma zaidi.

Watachagua tena mwaka ujao. Jumamosi iliyofuata alikuja na vitabu vyake, jambo ambalo sikulitarajia, akanipa kazi mpya: yeye atafute majibu, mimi niyarudishe mahali pa x. Jibu la kwanza likakubali. La pili lilikuwa namba nzuri, na nilitamani likubali pia. Nikaliweka mara mbili.

"Limekataa," nikasema.

"Una uhakika, guka?"

"Sijui. Rudia mwenyewe."

Akachukua kalamu, akarudia.