Wifi Amezima Maji ya Moto

Jamani, leo nusura nilie mbele ya tangi la maji.

Betri za sola yetu zikijaa, umeme unaobaki unachemsha maji ya kuoga. Leo jua limewaka hapa kwetu Bwera tangu asubuhi. Nikaenda sokoni nikijua mama na miguu yake inayouma ataoga maji ya moto.

Narudi jioni, maji baridi!

Wifi yangu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, ananiambia kwa furaha, "Nilizima swichi ya tangi, dada. Niliwekea mama umeme ya kesho."

"Betri zilishajaa, wifi! Huo umeme ulikaa wapi?"

Akajifungia chumbani.

Sasa napuliza mkaa. Mama anangoja na taulo mabegani.

Hasira bado ninayo. Lakini swichi ile sikuwahi kumweleza.

Nyie mngegonga mlango wake?